Draiva za stepa: udhibiti wa mkondo au udhibiti wa volteji?

Stepa ni mota inayozunguka hatua kwa hatua, na draiva ni chipu inayoipa koili zake umeme. Kabla hujalinganisha chipu yoyote na nyingine, chukua mita upime ukinzani wa koili moja ya mota yako. Gawanya volti za pawasaplai kwa ukinzani huo, kisha jibu uligawanye tena kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mota. Namba inayobaki nitaiita uwiano, na ndiyo itakayotuongoza. Ampea na volti zinazojaza ukurasa wa kwanza wa datashiti hukueleza chipu inavumilia nini. Hazisemi mota yako itakwendaje.

Nitatumia mota moja mwanzo hadi mwisho ili hesabu zisitawanyike: stepa ya hatua 200 kwa mzunguko, ampea 1.5 kwa koili, ukinzani ohmu 1.6, induktansi (ukaidi wa koili dhidi ya mkondo kubadilika ghafla) milihenri 3. Ni mota ya kawaida kabisa, ya ukubwa unaokutana nao ndani ya printa za 3D na mashine ndogo za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta (CNC). Pawasaplai ni ya volti 24. Volti 24 kwa ohmu 1.6 ni ampea 15, na 15 kwa 1.5 ni 10. Uwiano wetu ni 10.

Mota hula mkondo, chipu hutoa volteji

Nguvu ya kuzungusha ya stepa hufuata mkondo unaopita kwenye koili. Lakini transista za chipu haziwezi kutoa mkondo kwa amri. Zinachoweza ni kuunganisha koili na pawasaplai, au kuikata. Kwa hiyo chipu za aina zote mbili, ukizitazama kwa upande wa mota, zinafanya kazi ileile: zinafungua na kufunga makumi elfu ya mara kwa sekunde. Tofauti ni nani anayeamua wakati wa kukata. Kwenye udhibiti wa mkondo, chipu hutazama ampea zikipanda na kukata zikifika kiwango. Kwenye udhibiti wa volteji, chipu hukata kwa saa, kwa kufuata hesabu iliyofanywa kabla.

Kwa nini pawe na kukata hata kidogo? Mota yetu ikisimama inahitaji volti 2.4 tu, yaani 1.5 mara 1.6. Tatizo linaanza ikikimbia. Ukiipa volti 2.4 pekee, mkondo unachukua takribani milisekunde 1.9 kufika asilimia 63 ya kiwango chake. Kwa mzunguko mmoja kwa sekunde kila hatua ina milisekunde 5, na hapo mambo ni salama. Kwa mizunguko mitano kila hatua ina milisekunde 1, na koili inaamriwa kugeuza mwelekeo kabla haijajaa nusu. Juu ya hilo, rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, huzalisha volteji yake inayopingana na ile unayoitia. Dawa ni volteji kubwa: kwa volti 24 koili hiyohiyo hufika ampea 1.5 ndani ya milisekunde 0.2. Sasa pasipo wa kuizuia, itaendelea kupanda kuelekea ampea 15. Zamani watu walimzuia mnyama huyu kwa rezista kubwa iliyofungwa mfululizo na koili, na sehemu kubwa ya umeme ikaishia kupasha moto rezista. Leo tunakata.

Udhibiti wa mkondo: chipu inayotazama

Hii ndiyo njia ya A4988 ya Allegro na DRV8825 ya Texas Instruments, na kabla yao ya ile jozi maarufu ya L297 na L298. Kuna rezista ndogo ya kupimia chini ya kila daraja la H, yaani transista nne zinazoipa koili volteji upande wowote. Mkondo ukipita humo huacha volteji ndogo, na kilinganishi ndani ya chipu huifananisha na kiwango ulichoweka. Kikifikiwa, transista hukatwa kwa muda fulani, kisha mchezo huanza upya.

Kuiweka ni rahisi. Kwa A4988, ampea za kilele ni Vref, volteji ya rejea unayoiweka kwenye bodi, ikigawanywa kwa mara 8 ya rezista ya kupimia. Kwa DRV8825 ni mara 5. Angalia tu rezista iliyoko kwenye bodi yako kwa macho, maana bodi za A4988 huja na thamani zaidi ya moja, na fomula uliyonakili mahali inaweza kuwa ya bodi nyingine.

Uzuri wake ni kwamba haijali mengi. Pawasaplai ikicheza, koili ikipata joto, rota ikizalisha volteji pinzani, kilinganishi kinasubiri ampea zilezile. Kasi ikipanda, chipu yenyewe huongeza muda wa kuwasha bila kuambiwa, mpaka volti za pawasaplai ziishe. Huhitaji kujua induktansi ya mota wala chochote zaidi ya ampea zake.

Sasa njoo upande ambao wauzaji hawausemi sana. Transista ikiwashwa, kuna mruko mfupi wa mkondo unaotokana na chaji za vifaa vyenyewe, na kilinganishi kikiuamini kitakata mapema. Ndiyo maana chipu hufumba macho kwa muda mfupi mwanzoni mwa kila mzunguko wa kukata. Tuseme imefumba kwa mikrosekunde 1, na baada ya hapo hukata kwa mikrosekunde 20 huku koili ikiwa imefungwa yenyewe kwa yenyewe, ule mshuko wa polepole. Hata kama unataka mkondo mdogo sana, chipu italazimika kuwasha angalau sehemu 1 kati ya 21. Wastani wa volteji kwenye koili ni volti 1.14, na kwa ohmu 1.6 hiyo ni ampea 0.71.

Tazama maana yake. Ukitumia hatua ndogo za 1 kwa 16, yaani kila hatua kamili ikigawanywa mara 16 kwa kuzipa koili mbili mikondo tofauti, hatua ya kwanza baada ya sifuri inahitaji ampea 0.15. Chipu haiwezi kushuka chini ya 0.71. Unaamuru hatua ndogo tano, rota inaweza kuruka mara moja na kutulia. Na utaona namba ya uwiano imejitokeza: sakafu hiyo ni uwiano ukigawanywa kwa 21, karibu nusu ya mkondo kamili. Ukiongeza pawasaplai hadi volti 36, uwiano unakuwa 15 na sakafu inapanda hadi zaidi ya ampea 1.

Watengenezaji wanalijua hili, na jibu lao ni mshuko wa haraka, ambapo daraja hugeuza volteji ili kuivuta koili chini. Hufanya kazi, lakini mkondo unaanza kuchezacheza juu na chini kwa upana mkubwa zaidi, na hiyo ndiyo asili ya ule mlio wa kuzomea unaosikika hata mota ikiwa imesimama. Chipu nyingi huchanganya mishuko miwili, na ubora wa mchanganyiko huo ndio hasa unaotofautisha draiva ya bei ndogo na ya bei kubwa. DRV8825 ilijipatia sifa mbaya kwa jambo hili kwenye mota za ukinzani mdogo. Mimi mwenyewe niliwahi kukaza mikanda na kubadili puli kwa sababu ya mawimbi kwenye kazi iliyochapwa, kumbe mashine ilikuwa nzima na mkondo ndio uliokuwa umekatika karibu na sifuri.

Udhibiti wa volteji: chipu inayokokotoa

Hapa kuna familia mbili, na kuzichanganya kumeunguza chipu nyingi.

Ya kwanza haina akili yoyote: ULN2003, au L298N ikiwa peke yake. Unatia volteji, koili inachukua inachochukua. Kwa mota ndogo ya 28BYJ-48 ya volti 5, yenye ukinzani wa makumi ya ohmu kwa koili, hii ni sawa kabisa, maana uwiano ni 1 na koili inajizuia yenyewe. Ukichukua bodi hiyohiyo ya L298N ukaifunga kwenye mota yetu ya ohmu 1.6 kwa volti 12, hata ukitoa volti 2 hivi zinazopotelea kwenye transista, unabaki na zaidi ya ampea 6 kwa chipu iliyotengenezwa kwa ampea 2 kwa kila daraja. Uwiano ukizidi 2, iache familia hii.

Familia ya pili ndiyo yenye ushindani wa kweli, na mfano wake mzuri ni L6470 ya STMicroelectronics. Hii hutengeneza wimbi la sini la volteji kwa PWM, yaani kuwasha na kukata kwa muda unaobadilishwa, na ukubwa wake unauweka kwenye rejista (nafasi za namba ndani ya chipu) zinazoitwa KVAL, moja ya kusimama, moja ya kukimbia kwa kasi tulivu, moja ya kuongeza kasi na moja ya kupunguza. Kilele cha volteji ni pawasaplai mara KVAL kwa 256. Kwa mota yetu iliyosimama tunataka volti 2.4 kati ya 24, hivyo KVAL ni 26.

Kwa mwendo wa polepole matokeo ni mazuri kiasi kwamba mara ya kwanza unadhani umeme haujawaka. Hakuna kilinganishi, hivyo hakuna kufumba macho, hivyo hakuna sakafu. Mkondo hupita sifuri kwa ulaini na mlio unatoweka. Rezista za kupimia hazihitajiki. L6470 inagawanya hatua hadi 128, wakati L6472, ndugu yake anayedhibiti mkondo, anaishia 16.

Kuna faida moja zaidi ambayo haisemwi vya kutosha. Rota ikitikisika mahali pake, mtikisiko huo huzalisha volteji ndogo, na kwa kuwa chipu imeshikilia volteji na kuuacha mkondo huru, mkondo hubadilika kwa namna inayoupinga mtikisiko. Draiva ya mkondo hufanya kinyume: inayafuta mabadiliko hayo kwa bidii, na breki ya asili inapotea. Mota inayopiga kelele za resonansi kwenye kasi fulani mara nyingine hutulia kwa kubadilishiwa tu aina ya udhibiti.

Gharama yake ni kwamba kila kitu ambacho draiva ya mkondo haijali, hii inakijali. Anza na kasi. KVAL ya 26 ni sahihi mota ikiwa imesimama. Ikianza kukimbia, volteji pinzani inakula sehemu ya volti 2.4 na induktansi inakula nyingine, kwa hiyo lazima volteji ipandishwe sambamba na kasi. L6470 hufanya hivyo kwa mistari miwili ya mteremko tofauti, inayokutana kwenye kasi unayoiweka wewe. Kwa mota yetu, kasi ambayo induktansi inaanza kutawala kuliko ukinzani ni kama hatua 340 kwa sekunde, chini ya mizunguko miwili. Kuipata mistari hiyo unahitaji kujua ukinzani, induktansi na volteji ambayo mota inazalisha ikizungushwa. Ya mwisho haiko kwenye kibandiko. Unaipima kwa kuizungusha mota kwa drili huku koili imeunganishwa na osiloskopu. Si kazi ngumu, ila ni kazi, na ukibadilisha mota unaanza upya.

Pawasaplai nayo: ikipanda kwa asilimia 10, mkondo unapanda kwa asilimia 10. L6470 ina pini ya kupima pawasaplai na kusahihisha, lakini ni juu yako kuifunga na kuiwasha.

Halafu kuna ule uwiano. KVAL tunayoitumia ni 256 kwa 10. Kila ngazi moja ya rejista ni ampea 0.06, na hiyo inavumilika. Uwiano ukiwa 30 unabaki na ngazi kama 8 kati ya kusimama bila umeme na mkondo kamili. Kwa hiyo uwiano mkubwa unaziumiza njia zote mbili, moja kwa sakafu na nyingine kwa ngazi pana. Anayenunua pawasaplai kubwa "kwa usalama" huwa ameshaharibu mwendo wa polepole kabla hajachagua chipu.

Koili ikipata moto

Hapa njia hizi mbili zinakwenda pande tofauti kabisa. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila digrii. Koili ikitoka nyuzi 25 hadi 85, ohmu 1.6 zinakuwa karibu 1.98. Kwa mota iliyosimama:

| | Baridi, njia zote | Moto, udhibiti wa mkondo | Moto, udhibiti wa volteji |
|---|---|---|---|
| Mkondo | A 1.5 | A 1.5 | A 1.21 |
| Joto kwa koili | W 3.6 | W 4.5 | W 2.9 |

Draiva ya mkondo inalinda nguvu na kuiongezea mota moto. Ya volteji inalinda mota na kuipunguzia nguvu karibu moja ya tano. Mhimili unaoshikilia mzigo wima unaweza kuteleza saa moja baada ya kuwashwa, wakati asubuhi ulipojaribu kila kitu kilikuwa imara. L6470 ina marekebisho ya joto unayoyaweka kwa programu, wengi hawayagusi.

Kukwama pia kuna sura mbili. Rota ikikwama kwenye udhibiti wa volteji, volteji pinzani inatoweka ghafla, na zile volti zilizoongezwa kuifidia zinaingia zote kwenye koili. Mkondo unaruka. Ni hatari kidogo, na ni habari njema pia, kwa sababu L6470 inautumia mruko huo kugundua kwamba mota imekwama. Kwenye udhibiti wa mkondo ampea hazibadiliki, na chipu ya kawaida kama A4988 itaendelea kuhesabu hatua ambazo hazipo.

Chipu zinazobeba njia zote mbili

Ushindani huu umelainika kwa sababu ya kampuni ya Trinamic, ambayo sasa iko chini ya Analog Devices. TMC2208 na TMC2209 zina StealthChop, ambayo ni udhibiti wa volteji, na SpreadCycle, ambayo ni udhibiti wa mkondo wa kila mzunguko wa kukata. STMicroelectronics nao wana powerSTEP01 inayobeba njia zote mbili.

StealthChop si udhibiti wa volteji usioutazama mkondo kama ule wa L6470. Inapima mkondo na kuisahihisha volteji taratibu, kwa hiyo matatizo ya joto na pawasaplai yanapungua sana na huna haja ya drili na osiloskopu. Neno la kuangalia hapo ni "taratibu". Ukidai mabadiliko makali ya kasi, masahihisho yanachelewa na hatua zinapotea. Vilevile inahitaji kujifunza mota: kwanza mota isimame ikiwa na mkondo kamili wa kukimbia kwa muda mfupi, chini ya robo sekunde, kisha iende kwa kasi ya wastani. Programu inayowasha mota na kuikimbiza papo hapo, au inayoshusha mkondo wa kusimama mapema mno, inainyima somo hilo. Halafu mtu analalamika kwamba chipu ni dhaifu.

Unaweza kuweka kasi ambapo chipu huhama kutoka StealthChop kwenda SpreadCycle. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa vitendo, uhamaji kwenye kasi kubwa huleta mshtuko, kwa sababu awamu ya mkondo katika njia hizo mbili hailingani wakati ule. Ukitaka kuhama, hamia kwenye kasi ya chini. La sivyo chagua moja ubaki nayo, na hilo ndilo ninalofanya mimi.

Basi uchukue ipi

Uwiano ukiwa 1 hadi 2, usijisumbue. Koili ya ohmu 34 kwa volti 12 itachukua ampea 0.35 hata ufanyeje, na chipu ya kudhibiti mkondo haitakuwa na cha kukata. Draiva rahisi kuliko zote inatosha.

Uwiano wa 5 hadi 15 ndio uwanja wa uamuzi, na swali ni mota inatumia muda wake mwingi ikifanya nini. Darubini inayofuata nyota, reli ya kamera, pampu ya maabara inayotoa tone kwa tone: chukua volteji, bila kusita. Mwendo ni wa polepole, mzigo unajulikana, na ulaini ndio bidhaa unayoitafuta. Mashine ya kuchonga chuma, ambapo mzigo hubadilika ghafla na kasi hupanda hadi mizunguko kadhaa kwa sekunde: chukua mkondo, na uvumilie mlio. Printa ya 3D iko katikati. Mihimili ya mlalo hufurahia StealthChop, lakini mota ya kusukuma plastiki, yenye kurudi nyuma na mbele kwa ghafla mara elfu kwa kazi moja, ningeiweka kwenye SpreadCycle.

Kifaa cha betri kinahitaji tahadhari. Seli nne za lithiamu hutoka volti 16.8 zikiwa zimejaa na kushuka kuelekea 12. Hiyo ni karibu asilimia 29, na kwenye udhibiti wa volteji usio na masahihisho nguvu hushuka nayo. Chukua mkondo, au StealthChop, au hakikisha pini ya kupima pawasaplai inafanya kazi.

Uwiano ukipita 20, rudi nyuma hatua moja. Badilisha mota au pawasaplai kwanza. Chipu nzuri haitaokoa namba mbaya.

Ukishachagua, kuna jaribio lisilohitaji chombo chochote cha thamani. Bandika kipande kidogo cha kioo kwenye shafti ya mota, elekeza leza ndogo juu yake, na uangalie doa ukutani umbali wa mita 3. Amuru hatua ndogo ya 1 kwa 16 mara moja kila sekunde. Kila hatua ni nyuzi 0.1125, kioo huizidisha mara mbili, na doa linapaswa kusogea kama milimita 12. Ukiona limesogea sawasawa, mkondo wako unapita sifuri vizuri. Ukiona limesimama kwa hatua tatu kisha limeruka sentimita tano, geuza mpangilio wa mshuko au punguza volti za pawasaplai, na urudie kabla hujafunga bolti hata moja ya mashine.